Njia ya Sigi: Reli Iliyokufa na Deni Tulilosahau Kuliandika

 

Tumeombwa tuandike, katika kijitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu, habari za kale za jamii yetu hapa Tanga. Makala za namna hii kwa desturi huanza na majina ya wafadhili na kumalizika na majina ya wafadhili. Desturi hiyo hatuna ugomvi nayo, kwa kuwa pasipo wao tusingekuwa na paa juu ya vichwa vyetu. Lakini majina hayo yamekwisha andikwa katika kurasa nyingine, tena kwa herufi za dhahabu. Sisi tumechagua kuandika habari ya njia moja iliyoko milimani, na ya watu walioipita bila majina yao kuandikwa popote.

Njia yenyewe ni ile iliyokuwa ya reli ndogo ya Sigi, kutoka Tengeni karibu na Muheza hadi chini ya milima ya Usambara Mashariki. Treni haipiti tena huko. Vijana wengi wa mjini hawajui kwamba iliwahi kupita.

Tuanze na reli kubwa, kwa maana mtoto hujulikana kwa mzazi wake. Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kazi ilianza hapa mjini mwaka 1893, miaka mitatu kabla Waingereza hawajaanza reli yao ya Mombasa. Ilifika Muheza mwaka 1896, na hapo kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya Kijerumani iliichukua, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Jumla ni kilomita zipatazo 350. Arusha ilisubiri mpaka mwaka 1929, zama za Waingereza.

Hapa ni lazima tusahihishe neno ambalo sisi wenyewe tumelisema mara nyingi katika karamu za arusi na mikutano ya jumuiya: kwamba reli ya Tanga ilijengwa na mababu zetu. Si kweli. Reli ya Mombasa kwenda Kisumu ndiyo iliyojengwa kwa mikono ya Wahindi, karibu watu 32,000 walioletwa kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ya Tanga ilijengwa hasa na Waafrika, wengine wenyeji wa pwani na wa milimani, wengine waliotoka mbali bara, kama Wanyamwezi na Wasukuma. Mababu zetu walikuja nyuma ya reli na magunia ya chumvi, mafuta ya taa, majembe na khanga. Kila kituo kilipofunguliwa, duka nalo lilifunguliwa. Hilo ni jambo la heshima, na linatosha. Hapana haja ya kujivika jasho la wengine.

Hata lugha yetu ya sokoni imehifadhi historia hiyo. Neno pesa ni paisa ya Bara Hindi, iliyovuka bahari na majahazi kabla ya Mjerumani. Neno hela ni heller, sarafu ya Wajerumani iliyotumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Hivyo Mtanga anaposema "sina pesa" anazungumza nasi, na anaposema "sina hela" anazungumza na Mjerumani. Ukata ni ule ule.

Sasa tuje kwenye mtoto wa reli hiyo. Milima ya Usambara Mashariki ilikuwa na misitu minene yenye mbao za thamani, mvule ukiwa mmojawapo. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Amani taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe, na kando yake bustani ya mimea iliyoletwa kutoka kila upande wa dunia. Mbao zilitaka kushuka, nayo mizigo ilitaka kupanda. Kampuni za binafsi zikajenga, kati ya mwaka 1904 na 1910, reli nyembamba ya kilomita zipatazo 23 kutoka Tengeni hadi Sigi, mahali palipo mita zipatazo 450 juu ya bahari. Amani yenyewe iko juu zaidi, karibu mita 900. Reli haikufika huko, na mtu aliposhuka Sigi alimaliza safari yake kwa miguu au kwa mnyama.

Upana wa reli kubwa ya Tanga ni mita moja. Ule wa Sigi ulikuwa milimita 750 tu. Msomaji atauliza kwa nini. Sababu ni mlima. Reli nyembamba hukubali kona kali zaidi, huhitaji tuta jembamba na madaraja mepesi, na kwa hiyo gharama yake ni ndogo. Kichwa cha treni hakiwezi kupanda mwinuko kama mbuzi. Hutaka mteremko mdogo na wa siku zote, nayo njia hulazimika kuuzunguka mlima na kuufuata mto. Wazee wa Kigujarati wataielewa habari hii upesi. Reli nyembamba ya kwanza ya Bara Hindi ilifunguliwa mwaka 1862 katika dola la Gaekwad wa Baroda, kati ya Dabhoi na Miyagam, nayo mwanzoni ilivutwa na ng'ombe. Upana wake ulikuja kuwa milimita 762. Tofauti ya reli ya Dabhoi na ya Sigi ni upana wa kidole kimoja.

Usambara Magharibi walikuwa na ajabu yao pia. Pale Mkumbara ilijengwa njia ya kamba za chuma, yenye urefu wa kilomita zipatazo 9, iliyoshusha magogo ya mwerezi kutoka Shume, karibu mita 1,500 juu ya bonde. Nayo haipo tena. Milima yetu imejaa makaburi ya mitambo.

Lakini nani aliyefanya kazi? Mwaka 1892 wenye mashamba ya Usambara walileta vibarua Wachina na Wajava, wakaona gharama ni kubwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi ya kazi na kutakiwa kumfanyia mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Neno kipande, ambalo leo kijana analijua kama kipande cha muwa au cha mkate, kwa babu wa jirani yetu lilikuwa na ladha nyingine.

Kisha vita vikaja. Novemba 1914 jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wakiwamo Rajput na Kashmiri, lilishushwa kwenye pwani yetu. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wapatao 1,000, lakini walikuwa na reli: askari walishushwa kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro kwa wakati. Jeshi kubwa lilishindwa, na nyuki wa Tanga wakaongeza yao. Kila tunapopita penye makaburi ya askari hao tunakumbuka kwamba walikufa wakipigana vita visivyo vyao, mbali na mama zao, dhidi ya watu ambao nao hawakuwa na ugomvi nao.

Babu yetu aliingia Tanga mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa jahazi, akipitia Unguja. Sisi wajukuu tulimwita Dada, kwa kuwa ndivyo Kigujarati kinavyomwita baba wa baba, na watoto wenzetu wa Mabawa walicheka mpaka wakalia kusikia mzee mwenye masharubu akiitwa dada. Alifungua duka dogo Muheza. Mara kwa mara alipeleka bidhaa Sigi, kwa vibarua wa mashamba na wa msituni, akifuata tuta la reli kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa kavu na yenye mwinuko wa huruma. Yeye alitangulia na mwavuli. Nyuma yake alikuja mpagazi na mzigo.

Daftari zake tunazo bado. Ndugu wa hekalu wanajua desturi ya Chopda Pujan: kila Diwali tunaleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, tunaandika Shubh upande mmoja na Labh upande wa pili, yaani heri na faida, kisha ndipo tunaanza mwaka wa biashara. Vitabu vya babu vimefungwa kwa kitambaa chekundu, na mwandiko wake ni safi. Humo tumeona bei ya kila gunia, jina la kila mdaiwa, hata jina la kampuni iliyotengeneza mizani. Mahali pa mpagazi pameandikwa neno moja tu, tena lile lile, ukurasa baada ya ukurasa: mpagazi. Mtu yule alitembea na babu yetu kwa miaka. Alijua alipolala, alipougua homa, mto ulipojaa wapi pa kuvukia. Sisi hatujui hata jina lake. Labh imeandikwa yote. Shubh ina pengo.

Ndilo lililotupeleka Sigi. Januari iliyopita, wazee watano wa hekalu, vijana saba na majirani watatu wa Mabawa tulikodi daladala alfajiri mpaka Muheza, na kutoka hapo tukaanza kuitafuta njia. Tusimdanganye msomaji: hatukuitembea yote. Upande wa tambarare sehemu kubwa imekwisha kuwa mashamba ya muhogo na ya michungwa, ile michungwa inayoifanya Muheza ijulikane hadi Nairobi. Mwenye shamba hana kosa; ardhi ilikaa bure, naye ana watoto wa kulisha. Lakini mahali pengine tuta lingali lipo, limesimama juu kidogo ya ardhi ya kando, limenyooka kupita kawaida ya kazi za Mungu, nalo limekuwa njia ya miguu ya wanafunzi na ya kina mama waendao sokoni.

Jirani yetu mmoja, Mbondei, fundi seremala aliyestaafu, ndiye aliyetufundisha kulisoma. Alisema, "Msitazame chini kutafuta chuma. Chuma kiliuzwa zamani. Tazameni miti: penye reli ya zamani miti yote ina umri mmoja." Tulipoinua macho tuliona kweli. Mmoja wa vijana wetu, aliyekuja likizo kutoka Leicester, alimuuliza, "Mzee, umejifunzia wapi?" Akajibu, "Kwa babu yangu. Alikuwa mchukuzi katika njia hii." Sote tulinyamaza. Hatusemi kwamba babu yake ndiye mpagazi wa babu yetu. Wapagazi walikuwa wengi na ushahidi hatuna. Lakini tulimwomba atutajie jina la babu yake, akalitaja, na kijana yule akaliandika. Kwa heshima ya faragha ya familia hatulichapishi hapa. Limeandikwa kwa wino katika daftari la babu yetu, kwenye ukurasa wa mwisho uliokuwa mweupe.

Baada ya michungwa, barabara huingia Longuza, katika shamba la serikali la misaji. Hapo tena tulijiona nyumbani, kwa kuwa msaji ni mti wa kwetu Bara Hindi, na jina lake la Kiswahili ni ndugu wa saag ya Kigujarati. Kisha hewa hupoa, sauti ya Mto Sigi husikika, na mtu hufika stesheni.

Stesheni ya Sigi haikufa. Nyumba ya mkuu wa stesheni, ya zama za Wajerumani, ilitengenezwa upya na sasa ni kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na leo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mahali palipopakiwa magogo ndipo mgeni hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji na kuanza kutembea. Njia za miguu hutoka hapo kuingia msituni na kupanda kuelekea Amani. Kuna vinyonga wasiopatikana kwingine, kuna bundi wa Usambara, na juu ya miamba yenye unyevu kuna ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mnamo mwaka 1892. Likapewa jina lake, Saintpaulia, na sasa limo madirishani duniani kote. Wanaolimwagilia huko Ulaya hawajui kwamba ni mzaliwa wa mkoa wetu.

Nchi nyingine zimefanya kazi hii kwa mpango. Marekani, katika jimbo la Wisconsin, reli iliyoachwa kati ya Elroy na Sparta ilifanywa njia ya miguu na baiskeli tangu miaka ya 1960. Hispania ilianza mwaka 1993, na sasa ina maelfu ya kilomita za njia zinazoitwa za kijani. Faida ni ile ile kila mahali: njia ya treni haina mwinuko mkali, hivyo mtoto na mzee huitembea pamoja. Magoti yetu, ambayo yana umri wa zaidi ya miaka 60, yalithibitisha.

Ipo sababu nyingine, kubwa kuliko zote, ya sisi wa Mabawa kuijali njia hii. Maji ya Mto Sigi ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani na kuja katika mabomba ya jiji la Tanga. Maji tunayomwogeshea Mungu asubuhi, maji anayotawadhia jirani Mwislamu, maji anayobatizwa nayo mtoto wa jirani Mkristo, yote yanatoka katika msitu ule ambao reli ya Sigi ilijengwa ili kuukata. Msitu ukiisha, bomba la kila mmoja litakauka siku moja, pasipo kuulizwa dini. Ndiyo maana wakulima wa huko wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi. Na ndiyo maana mamlaka ya maji ya Tanga ilipouza hatifungani ya kijani mwaka 2024 ili kupanua huduma, jambo hilo lilituhusu sote. Mfanyabiashara anajua maana ya kula faida bila kugusa mtaji. Msitu ni mtaji. Maji ni faida.

Wazee wetu walikuwa na hekima ya kutembea. Huko Junagadh, kila mwezi wa Kartik, mamia ya maelfu ya waumini hufanya Lili Parikrama, kuuzunguka mlima Girnar kwa miguu, kilomita zipatazo 36 kupitia msituni. Hawaendi kufika popote. Wanarudi pale pale walipoanzia. Kutembea kwenyewe ndiyo ibada. Huku kwetu Kartik huangukia mvua za vuli, na tuta la Sigi huwa utelezi. Kwa hiyo tumependekeza kwa kamati ya hekalu kwamba kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya Uttarayan, wakati wa kiangazi cha Januari, watu wa hekalu na majirani wa Mabawa twende pamoja Sigi.

Masharti ni machache. Kila mtu avae viatu vilivyofungwa na abebe maji yake. Kiingilio cha hifadhi kilipwe kihalali, na mwongozaji awe mwenyeji wa huko. Taka zirudi mjini na aliyezipeleka. Chakula kitakuwa cha mboga na kitatosha watu wote. Hapana atakayeulizwa jina la ukoo wake kabla ya kupewa sahani. Nacho kila mzee atakayekuja ataombwa atoe jina moja la mtu wake aliyefanya kazi katika njia ya reli, awe mchukuzi, fundi, mpishi, kibarua wa mataruma au mwenye duka, nalo litaandikwa katika kitabu kitakachokaa hekaluni. Diwali ijayo kitabu hicho kitawekwa mbele ya Lakshmi pamoja na vitabu vya hesabu.

Hatuna watu wengi kama zamani. Tangu majengo yalipotaifishwa mwaka 1971 familia zetu zimekuwa zikiondoka kidogo kidogo, na leo kengele ya hekalu huwaita wachache. Wengine huuliza: tutakapokwisha, nani atatukumbuka hapa Tanga? Tumelifikiria swali hilo tukiwa juu ya tuta, tukiwa na miguu yenye vumbi, na tumeona kwamba halikukaa sawa. Kwanza tujiulize sisi tunamkumbuka nani.

Mungu awape wote heri na faida, na heri itangulie.